Torati, Kiongozi na Mtu Mzima

Ndugu zangu, Bwana asifiwe.

Nimeombwa niseme juu ya sheria ya dini na ukomavu wa kiroho, na aliyeniomba alinitahadharisha kwa upole kwamba nisiwamalizie muda kwenye Kigiriki. Nitajitahidi. Kigiriki kitakuja kidogo, hakikwepeki, lakini nitaanza na daftari.

Nilikuwa katibu wa kwaya kwa miaka kadhaa. Tulikuwa na kanuni iliyopitishwa kwa kura, na mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono: mwimbaji akikosa mazoezi mara tatu ndani ya mwezi bila taarifa, Jumapili haimbi. Daftari la mahudhurio nililitunza mwenyewe. Mistari niliichora kwa rula, aliyefika namwekea alama ya bluu, aliyekosa alama nyekundu. Mwezi mmoja mama mmoja wa sauti ya pili alipata nyekundu tatu. Jumapili akaja amevaa sare, nami nikamfuata kabla hajapanda kwenye ngazi za kwaya, nikamfunulia ukurasa. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, katibu," akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Tulipofika kwenye kiitikio nikasikia sauti ya pili ikitokea nyuma ya kanisa, si kwa nguvu, ikiziba pengo ambalo mimi ndiye niliyelitoboa. Wiki iliyofuata ndipo nilipojua kwamba mwezi ule karibu wote alikuwa akilala wodini na mtoto wake.

Sikuwa nimevunja kanuni yoyote. Kanuni ilisema "bila taarifa", na kweli taarifa hakuleta. Ukilisoma lile daftari kutoka juu mpaka chini hutapata mahali pa kunishtaki. Na kwa muda mrefu hilo ndilo lililonisumbua, kwamba mtu anaweza kuwa sahihi hivyo na bado akawa mtoto.

Sasa twende kwa Paulo. Katika Wagalatia sura ya 3 anasema, "Hivyo torati imekuwa kiongozi kutuleta kwa Kristo, ili tuhesabiwe haki kwa imani." Halafu anaongeza mara moja: "Lakini, iwapo imani imekuja, hatupo tena chini ya kiongozi." Neno hili "kiongozi" linatupoteza kidogo, maana sisi tukisikia kiongozi tunamwona mtu wa mbele, mwenye cheo na kipaza sauti. Paulo aliandika *paidagogos*. Huyo hakuwa mwenye cheo, na wala hakuwa mwalimu. Katika nyumba za wenye uwezo za Wagiriki na Warumi alikuwa mtumwa, mara nyingi mzee, aliyekabidhiwa mtoto wa bwana wake. Alimsindikiza shuleni na kumrudisha, akamfundisha kukaa mezani, akamzuia kuongea na watu wabaya njiani, na alipohitaji kumchapa alimchapa. Wachoraji wa Kigiriki walipenda kumchora ameshika fimbo. Somo lenyewe lilifundishwa na mtu mwingine. Kazi ya huyu ilikuwa kuhakikisha mtoto anafika.

Na kazi hiyo ilikuwa na mwisho uliojulikana. Kijana akishafikia umri, mzee yule anamwacha. Paulo analifafanua katika sura ya 4: mrithi, "wakati wote awapo mtoto, hana tofauti na mtumwa, angawa ni bwana wa yote." Mali yote ni yake kwa karatasi, lakini leo hawezi kuamua hata aende wapi mchana. Si kwa sababu baba hampendi. Ni kwa sababu hajakua.

Mhubiri asiye mwangalifu akifika hapa huanza kuisema vibaya torati, kana kwamba Mungu aliwapa Israeli mzigo kwa miaka mingi kisha akajutia. Hapana. Marabi kwa mapokeo yao wanahesabu amri 613, yaani 248 za kutenda na 365 za kutotenda, na sisi Wakristo tukisikia hesabu hiyo huwa tunatikisa vichwa kwa huruma. Lakini fungueni Zaburi ya 119. Ina aya 176, ndiyo ndefu kuliko zote, na karibu kila aya inaitaja sheria kwa jina hili au lile: maagizo, shuhuda, amri, hukumu. "Sheria yako naipenda mno ajabu, ndiyo kutafakari kwangu mchana kutwa." Huyu si mtu aliyelemewa. Huyu ni mtu aliyependa. Na Yesu mwenyewe anasema hakuja kuitangua torati bali kuitimiliza. Kwa hiyo anayetaka kukua kwa kumtukana aliyemsindikiza shuleni anaanza vibaya. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, na mtoto asiyewahi kuambiwa "hapana" hafiki utu uzima upesi zaidi. Hafiki kabisa.

Basi tatizo liko wapi? Wekeni barua mbili za Paulo pamoja mezani, ile ya Galatia na ile ya kwanza ya Korintho. Ni kanisa lile lile la karne ya kwanza, mtume yule yule, lakini utadhani anaandikia sayari mbili.

Galatia walikuwa wamempokea Kristo, kisha wakaja watu wakawaambia haitoshi, lazima mtahiriwe. Wakaanza kushika siku na miezi na nyakati na miaka. Walitaka kurudi chini ya mzee wa fimbo, kwa sababu kuna raha fulani ya kuwa chini yake. Hupaswi kufikiri. Unauliza "inaruhusiwa au hairuhusiwi?", unajibiwa, unalala usingizi. Nami nilivyokuwa na daftari langu nililala vizuri sana.

Korintho ilikuwa kinyume. Kule walikuwa na kauli mbiu yao, na Paulo anaikariri kabla ya kuijibu: "Vitu vyote ni halali kwangu." Walikuwa wamemtimua msindikizaji. Wanashtakiana mahakamani, mmoja anaishi na mke wa baba yake na kanisa linajivuna, mezani pa Bwana mwingine ana njaa na mwingine amelewa. Wenyewe waliita hali hiyo uhuru.

Sasa sikilizeni anavyowaita. Wakorintho, sura ya 3, anawaita "watoto wachanga katika Kristo" na kuwaambia aliwanywesha maziwa. Wagalatia, sura ya 4, anawaita "vitoto vyangu, ambao kwamba nawaonea utungu tena hata Kristo aumbike ndani yenu." Wenye sheria nyingi na wasio na sheria yoyote wamepewa jina moja, na jina hilo ni watoto. Mmoja anang'ang'ania mkono wa msindikizaji, mwingine amemponyoka akakimbilia barabarani. Wote wawili bado wanaishi kwa kumtazama yeye. Makanisani tumezoea kudhani kwamba hizi ni pande mbili zinazopingana, wenye msimamo mkali huku na wenye kulegea kule, na kwamba kukomaa ni kuchagua upande. Paulo hachagui. Anataka wakue.

Hapa ndipo Kigiriki changu cha mwisho kinapoingia, naomba mnivumilie. Kuna neno *teleios*. Tajiri kijana anamwambia Yesu kwamba amri zote amezishika, kisha anauliza, "nimepungukiwa na nini tena?" Yesu anajibu, "Ukitaka kuwa mkamilifu..." Hilo "mkamilifu" ni *teleios*. Ukienda Waebrania 5 unasoma kwamba "chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Hilo "watu wazima" nalo ni *teleios*. Watafsiri wetu walitumia maneno mawili, na kila moja limechukua njia yake vichwani mwetu. Tukisikia mkamilifu tunamfikiria mtu asiye na doa, na kwa kuwa hayupo tunaacha kuhangaika. Tukisikia mtu mzima tunamfikiria mtu aliyeongeza miaka. Lakini Kiswahili kina bahati hapa. Mzima kwetu ni aliyekua, mzima ni asiyeumwa, na mzima ni kitu kisichopungua kipande. Ndiyo maana mtaani mtu mwenye mvi akifanya utoto tunamwita mtu mzima hovyo: umri upo, uzima haupo. Tajiri yule kijana alikuwa na amri zote mkononi, na bado alihisi mwenyewe kwamba kuna kipande kinapungua. Namheshimu kwa hilo. Mimi sikuhisi mpaka niliposikia sauti ile ikitoka nyuma.

Tena angalieni Waebrania anasema utu uzima unatoka wapi. Akili "zimezoezwa", na zimezoezwa "kwa kutumiwa". Msindikizaji anaweza kukwambia usiingie njia ile. Hawezi kukupa jicho la kuitambua njia mbaya ambayo yeye hakuwahi kuiona. Jicho hilo linapatikana kwa kuamua, kukosea, kurudi, kuomba msamaha, na kuamua tena. Hakuna njia ya mkato, na kanisa linaloogopa makosa ya waumini wake hivi kwamba linawaamulia kila kitu litakuwa na watoto wenye miaka sitini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa vijana wawili, Tito na Timotheo, na tohara.

Tito alikuwa Mgiriki. Paulo alikwenda naye Yerusalemu, na kulikuwa na watu waliotaka atahiriwe. Paulo akakataa. Katika Wagalatia 2 anasema hatukujitia chini yao "hata dakika moja". Kwa nini ukali huo? Kwa sababu waliokuwa wakidai walisema bila tohara mtu huyu si wetu, wokovu wake haujakamilika. Kukubali kungekuwa kusema Kristo hatoshi.

Sasa Matendo ya Mitume. Sura ya 15 ni baraza la Yerusalemu, wataalamu wengi huliweka karibu na mwaka 49. Uamuzi unatoka kwamba watu wa mataifa wasitwishwe mzigo zaidi ya mambo manne: wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Barua inaandikwa. Paulo anaibeba. Ukigeuza ukurasa, sura ya 16, anamkuta Timotheo, ambaye mama yake ni Myahudi aliyeamini na baba yake Mgiriki, anataka afuatane naye, anamchukua na kumtahiri kwa sababu ya Wayahudi wa sehemu zile. Aya inayofuata inasema walikuwa wakipita miji wakiwapa watu zile amri za Yerusalemu wazishike. Yaani barua iliyotoka kwenye mzozo ule wa tohara imo mkobani, na huku kijana anatahiriwa.

Katibu wa daftari angempa Paulo alama nyekundu. Angesema huyu mtume ni kigeugeu, Tito hapana, Timotheo ndiyo, kanuni yako ni ipi? Lakini Paulo hakuwa ameangalia kanuni peke yake. Aliangalia nani anaomba, anaomba kwa nini, na nani atafungiwa mlango. Kwa Tito, tohara ingefunga mlango kwa mataifa yote. Kwa Timotheo ilifungua mlango wa sinagogi. Tohara yenyewe, anasema, si kitu, na kutotahiriwa si kitu. Mtu mzima anaweza kufanya mambo mawili yanayopingana kwa sababu moja. Mtoto hufanya jambo lile lile mara mbili kwa sababu mbili asizozijua.

Najua swali linalokuja, maana nimeulizwa mara nyingi: kama ni hivyo, kila mtu si atajitetea kwamba amekomaa, afanye atakalo? Ni swali la haki, na historia ya kanisa inalo. Agostino wa Hippo, mwanzoni mwa karne ya 5, akihubiri juu ya barua ya kwanza ya Yohana, alisema maneno yanayopendwa mpaka leo: penda, kisha fanya utakalo. Yanapendwa hasa na watu wasiopenda kuambiwa kitu. Lakini rudini kwenye mahubiri yenyewe muone alikuwa akizungumzia nini. Alikuwa akizungumzia kuadibu na kuonya. Ukinyamaza, nyamaza kwa upendo, ukikemea, kemea kwa upendo, ukisamehe, samehe kwa upendo. Si maneno ya kulegeza kamba. Yanakunyima hata kisingizio cha kanuni, maana kanuni ingekuruhusu kukemea kwa hasira na bado uwe sahihi. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, naye aliandika mwaka 1520 kwamba Mkristo ni bwana huru wa vyote asiye chini ya yeyote, na papo hapo ni mtumishi wa wote aliye chini ya kila mtu. Kabla ya miaka ishirini kuisha akajikuta akigombana na mwanafunzi na rafiki yake mwenyewe, Johann Agricola, aliyedai sheria haina kazi tena katika mahubiri ya kanisa. Agricola alikuwa ameishika nusu ya kwanza ya sentensi.

Nusu ya pili ndiyo inayopima. Katika Warumi 14 Paulo anazungumzia watu wawili mezani, mmoja anakula vyote, mwingine anakula mboga tu kwa sababu ya dhamiri. Sisi tungesema mwenye masharti mengi ndiye aliyekomaa. Paulo anamwita yeye ndiye "dhaifu". Hilo peke yake lingetosha kutushtua. Lakini subirini, maana aliye na nguvu tayari ameshaanza kutabasamu. Paulo anamgeukia na kumpa kazi yote yeye: mkaribishe, usimdharau, usimkwaze. Na kwa Wakorintho anasema, "chakula kikimkosesha ndugu yangu, hata milele sitakula nyama." Nyama ni halali kwake, anajua. Anaiacha bila kuamriwa na mtu. Dhaifu haili kwa sababu anaogopa sheria, mwenye nguvu haili kwa sababu anampenda dhaifu, na mtu anayewatazama kwa mbali ataona sahani mbili za mboga asijue tofauti.

Ndiyo maana siamini vipimo vya nje. Kuna maandishi ya kale ya Kikristo yanayoitwa Didake, yaliyosahaulika kwa karne nyingi mpaka nakala yake ilipopatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Yanasema kwamba msifunge pamoja na wanafiki, maana wao hufunga Jumatatu na Alhamisi. Ninyi fungeni Jumatano na Ijumaa. Kila nikisoma hapo nacheka. Unafiki umetibiwa kwa kubadilisha siku! Lakini msicheke sana, kwani mistari michache kabla ya hapo, katika maandishi hayo hayo, kuna sentensi ambayo ningetamani kila mchungaji angeibandika juu ya meza yake: ukiweza kuichukua nira yote ya Bwana, utakuwa mkamilifu, na usipoweza, fanya lile unaloliweza. "Mkamilifu" pale ni *teleios* yule yule. Yaani katika kanisa changa kabisa, lililokuwa bado linatafuta siku za kufunga, kuna mtu aliyejua kwamba watu hawakui kwa kasi moja, na kwamba anayebeba nusu ya nira asifukuzwe kwa ajili ya nusu nyingine.

Narudi kwenye kwaya, halafu niwaachie maswali. Baadhi yenu mtataka kujua kama ile kanuni tuliifuta. Hatukuifuta. Nilipendekeza ifutwe, nikiwa bado na aibu, na aliyepinga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mama yule yule wa sauti ya pili. Alisema kwaya isiyo na mazoezi ni kelele, na kwamba yeye mwenyewe asingependa kusimama karibu na mtu asiyejua wimbo. Kisha akauliza, mbele ya kamati nzima, kwa nini katika wiki nne hakuna hata mmoja wetu aliyepita nyumbani kwake kuuliza yuko wapi. Nilikuwa na daftari mapajani, nikaanza kupekuapekua kurasa kana kwamba jibu limeandikwa humo.